Mkazo wa "parlano": sikio la Kiswahili kwenye vitenzi vya Kiitaliano

Nilipokuwa nauza vinyago ufukweni Malindi, nilisema par-LA-no kwa karibu miaka miwili. Waitaliano walinielewa, ila walisita kidogo kabla ya kujibu. Siku moja bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akanitamkia polepole: PAR-la-no. Wanazungumza.

Kosa nilitoka nalo nyumbani. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: a-na-PI-ga, a-na-pi-GI-wa. Kiambishi kikiongezeka, mkazo unasogea. Katika wakati uliopo wa Kiitaliano, nafsi ya "wao" haisogezi mkazo. Unabaki palepale ulipokuwa kwenye "mimi".

Kwa hiyo usianze na umbo la kamusi, abitare. Anza na "mimi naishi": A-bi-to. Ukishalijua hilo, "wanaishi" ni A-bi-ta-no. "Napiga simu" ni te-LE-fo-no, na "wanapiga simu" ni te-LE-fo-na-no, mkazo silabi ya nne kutoka mwisho! Ulimi utakataa, rudia tu. Kwa "sisi" na "ninyi" pumua, maana hapo mambo ni kama kwetu: a-bi-TIA-mo, a-bi-TA-te.

Vitenzi vya -ere vinahitaji subira. Kuona ni ve-DE-re, lakini kuchukua ni PREN-de-re na kusoma ni LEG-ge-re. Umbo lenyewe halikuonyeshi mkazo uko wapi, basi pigia mstari silabi yenye mkazo siku ileile unapoandika neno daftarini.

Tazama pia hiyo leg-ge-re. Konsonanti pacha hugawanywa: moja inafunga silabi, nyingine inafungua inayofuata. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, ndiyo maana tunaimeza ile ya kwanza. Ishikilie. CA-de ni "anaanguka". CAD-de ni "alianguka".

Na anayedhani mkazo ni pambo akumbuke barabara yetu: ba-ra-BA-ra ni njia, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Kiitaliano kina capito. CA-pi-to, natokea, ca-PI-to, imeeleweka, ca-pi-TÒ, ilitokea. Ni hiyo ya mwisho tu inayoandikwa alama, kwa kuwa mkazo umeangukia irabu ya mwisho. Hizo mbili nyingine zinaandikwa sawa kabisa, na wa kuzitenganisha ni sikio lako.