Kipimo cha tangi kinayumba kila mvua ikinyesha

Ndugu, nimekuelewa: umepewa kusimamia mafundi wa umeme na vipimo kiwandani hapa Lubumbashi, kipimo cha tangi la asidi kinayumba mvua ikinyesha, na kukibadilisha hakujasaidia.

Usinunue kingine kwanza. Kabla ya kugusa waya, mwendeshaji atoe pampu kwenye otomatiki, la sivyo tangi linaweza kufurika. Kisha pimeni mkondo wa 4–20 mA, yaani umeme mdogo ambao kipimo hutuma chumba cha uendeshaji (4 ni tangi tupu, 20 limejaa): tangi likiwa nusu, mtaona karibu 12. Ukiwa sahihi kwenye kipimo lakini tofauti chumba cha uendeshaji, shida iko kwenye kebo kati ya hapo na pale. Fungueni kisanduku cha maungio. Mara nyingi utakuta kutu ya kijani kwenye shaba na mpira wa kuzuia maji umekauka. Kinga ya kebo (wavu wa chuma unaozunguka nyaya) nayo iungwe ardhini upande mmoja tu.

Shefu wa uzalishaji akiwaharakisha mfungue mota bila kuzima swichi na kuifunga kwa kufuli, kataa, tena kwa maandishi (maneno ya mdomo yanasahaulika ajali ikitokea). Kila fundi na kufuli lake, ufunguo mfukoni mwake, kisha ahakikishe kwa kipima-umeme kwamba umeme haupo. Kabati la 6,600 V msiliguse. Mwite mwenye kibali.