Kuhesabu mbawakawa wa Coral Pink: mambo ya kujua kabla hujakanyaga mchanga

Mbawakawa mwindaji Cicindela albissima hapatikani kwingine duniani ila matuta ya mchanga ya Coral Pink, kusini mwa jimbo la Utah, Marekani. Mgeni hutazama vilele. Shusha macho: makao yake ni mabondeni kati ya tuta na tuta, kwenye unyevu na majani machache.

Wapevu, yaani mbawakawa waliokwisha kukomaa, wahesabiwe majira ya kuchipua, siku ya jua na upepo mdogo. Asubuhi ya baridi wamejifukia. Jua likichoma sana wanajifukia tena. Ukihesabu saa hizo utaandika kwamba wamepungua, kumbe wako chini ya miguu yako. Tembeeni wawili sambamba, polepole, mkiangalia mita chache mbele. Mgongo wake karibu wote ni mweupe, hivyo mara nyingi utaona kivuli kabla ya mdudu. Anakimbia, anasimama, anakimbia. Kwa kasi ile macho yake hayaoni windo, lazima asimame alitafute upya. Hesabu mdudu anaposimama. Akiruka, angalia anapotua, la sivyo utamhesabu mara mbili.

Kazi yenyewe hasa ni matundu. Tundu la lava (mtoto wa mbawakawa, mfano wa funza) ni duara safi kama limetobolewa kwa kalamu, ukingo laini, limeshuka wima. La nyigu huwa limelala upande na kichuguu cha mchanga mlangoni. Lava akivizia, kichwa chake bapa huziba mdomo wa tundu, huoni kitu. Kivuli chako kikimpitia anadondoka, na tundu linafunguka ghafla pale palipokuwa mchanga mtupu. Basi chuchumaa, tulia. Pima kipenyo: lava hupita hatua tatu, na kila hatua tundu hupanuka. Usimvute kwa jani. Ana kulabu mgongoni zinazomshikiza ukutani, utamjeruhi. Wakati wa ukame huziba tundu kwa mchanga, kwa hiyo sifuri yako si kifo. Rudi baada ya mvua.

Magari ya burudani huponda wapevu, lakini ubaya mkubwa ni tairi kugeuza mchanga, unyevu ukapotea. Mwaka 2012 serikali ya shirikisho ilipendekeza kumweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. 2013 ikaondoa pendekezo, baada ya makubaliano kupanua maeneo yasiyoingiliwa na magari. Uamuzi kama huo hutegemea hesabu, ndiyo maana tarakimu za kubahatisha hazitakiwi hapa. Na nyayo nazo zinaponda: pita ubavuni mwa tuta, ushuke bondeni kwenye mstari wako tu.