Rilei Ndogo Inapochemka Nyuma ya Swichi

SWALI: Nilifungiwa rilei ndogo ya kuwashia hita ya maji kwa simu, ikasukumwa ndani ya boksi la swichi ukutani. Hita ni ya wati 3,000 na rilei imeandikwa ampea 16. Baada ya dakika 20 hivi programu huonyesha nyuzi 90 na rilei hujizima. Fundi anashauri tukiondoe kikomo cha joto kwenye programu, au tuitoboe matundu ipate hewa. Tufanye lipi?

JIBU: Msifanye lolote kati ya hayo mawili, na ninakuomba usiiwashe tena hita kupitia rilei hiyo mpaka boksi lifunguliwe na kukaguliwa. Kikomo cha joto ndicho kilichotimiza wajibu wake hapo. Anayeshauri kiondolewe anainyamazisha kengele huku hatari ikiendelea. Matundu nayo hayasaidii, kwa sababu boksi lenyewe limefungwa: yataingiza vumbi na unyevu, na kupunguza kinga kati ya kidole na umeme.

Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, na karibu yote yamejengwa juu ya dhana kwamba, kwa kuwa hita inavuta ampea 13 na kifaa kimeandikwa 16, nafasi ipo ya kutosha. Nambari hiyo hutolewa kwa masharti: mzigo uwe wa kupasha joto tu, nyaya ziwe zimekazwa barabara, na hewa inayokizunguka kifaa isivuke kiwango kilichotajwa katika maelezo yake, ambacho mara nyingi ni nyuzi 40 hivi. Ndani ya boksi lililozikwa ukutani, likiwa limesongamana nyaya zilizokunjwa, joto halina pa kutokea, na sharti hilo la mwisho huvunjika mapema. Tena joto linalozalishwa kwenye metali hupanda kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukiongezeka maradufu joto huongezeka mara nne.

Hata hivyo, ninapofungua maboksi ya aina hii, mara nyingi kosa hulikuta pale waya unapoingia kwenye rilei. Plastiki iliyozunguka skrubu imegeuka kahawia, ganda la waya limekauka na kupasuka ukilikunja, na kati ya nyuzi saba za shaba ni nne tu zilizobanwa. Maungio kama hayo yakiwa na ukinzani wa omu 0.05 tu, mkondo wa ampea 13 huzalisha hapo zaidi ya wati 8 za joto, katika nafasi isiyozidi ukucha. Saketi breka haitaliona tatizo hilo, kwa kuwa mkondo haujaongezeka hata kidogo. Kwa hiyo wanaobadilisha breka kwa kubwa zaidi wanaondoa ulinzi wa nyaya bila kugusa chanzo cha joto. Wengine huzipaka ncha za waya risasi ya kulehemu kabla ya kuzibana, wakidhani wanaziimarisha, ilhali risasi hulegea chini ya skrubu kadiri siku zinavyopita.

Katika hali yako, zima umeme kwenye swichi kuu, uhakikishe kwa testa kwamba haupo, kisha fundi akate sehemu ya waya iliyoungua hadi afikie shaba safi. Hita ihamishiwe kwenye kontakta (swichi ya mizigo mikubwa inayovutwa na koili ya umeme) iliyofungwa ndani ya bodi ya umeme, yenye uwezo unaozidi mzigo kwa mbali, kama ampea 25. Rilei ibakie na kazi ya kuamsha koili ya kontakta, ambayo hula wati chache tu, nawe utaendelea kuwasha kwa simu kama awali.

Wenye taa za LED na pampu wasidhani kwamba haya hayawahusu. Taa nyingi zikiwashwa kwa pamoja huvuta, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mkondo mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kawaida, na ncha za ndani ya rilei huweza kuyeyuka na kushikana. Rilei inayokataa kuzima itolewe siku hiyohiyo. Nimeona watu wakiigonga mpaka iachie, na kwa kufanya hivyo wanairudisha kazini ikiwa na ncha zilizochunika, zitakazochemka zaidi kuliko mwanzo.