Maswali na majibu: Karatasi ya Stradivari na bei ya mnadani

Fidla aliyoacha babu ina karatasi ndani: "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721". Je, tumetajirika?

Karibu hakika hapana. Fidla za Antonio Stradivari, fundi wa Cremona nchini Italia, ndizo zenye thamani hiyo, lakini karatasi haithibitishi kitu. Viwanda vya Markneukirchen na Mittenwald nchini Ujerumani, na Mirecourt nchini Ufaransa, vilibandika karatasi hizo kwa maelfu kutaja umbo lililoigwa. Mulika tochi kwenye tundu la sauti, upande wa uzi mnene. Ukiona neno "Germany", jibu umelipata: sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa kutaja nchi zilikotoka. Usipoliona, bado si ushahidi, maana karatasi hubanduliwa na kubandikwa. Mtaalamu hutazama kichwa kilichoviringwa, matundu na vanishi, kisha hupima pete za ukuaji wa mti, moja kwa kila mwaka, kwenye mbao ya mbele. Pete ya mwisho ikiwa ya baada ya 1737, mwaka aliofariki Stradivari, habari imekwisha. Ikiwa ya kabla, umejua umri wa mbao tu. Kwa sasa msiipake vanishi mpya wala kuifuta kwa spiriti. Vanishi ya zamani ikishayeyuka hairudi, na hata fidla nzuri ya kiwandani hushuka bei.

Fundi ni mmoja. Mbona fidla moja ya Stradivari huuzwa dola milioni 3 na nyingine 15?

Alifanya kazi Cremona takriban miaka 70; fidla yake ya kwanza inayojulikana ni ya 1666. Mwanzoni alifuata mtindo wa Nicolò Amati, fundi wa fidla wa Cremona aliyemtangulia. Miaka ya 1690 alirefusha kiwiliwili hadi karibu sentimita 36.3, baadaye akarudi kwenye 35.5 hivi. Za 1700 hadi 1720 ndizo zinazogombewa zaidi, lakini uzima wa chombo huweza kuupiku mwaka. Fidla yake iitwayo "Lady Blunt" ya 1721 ilifika dola milioni 15.9 mwaka 2011 kwa kuwa imechezwa kidogo mno. "Molitor" ya 1697 iliuzwa milioni 3.6 mwaka 2010. Ufa unaoogopwa kuliko yote ni wa mgongoni, pale kinaposimama kijiti cha ndani kinachounganisha mbao ya mbele na ya mgongo, kwa sababu mkandamizo wa nyuzi huishia hapo.

Bei inayotangazwa huenda yote kwa muuzaji?

La. Fidla ya Stradivari "Joachim-Ma" ya 1714 iligongewa nyundo, yaani zabuni ya mwisho ilikubaliwa, kwa dola milioni 10, New York, Februari 2025. Milioni 11.25 zilizotangazwa zilijumuisha ada ya mnunuzi. Muuzaji naye kwa kawaida hukatwa kamisheni kwenye bei ya nyundo, kwa mapatano. Kabla ya kutia saini, soma kamisheni, bima, gharama za picha, na kiwango ambacho chini yake chombo hakiuzwi.