Ukipangiwa masijala, usilie

Mdogo wangu amepata ajira halmashauri, akapangiwa masijala, ofisi ya kupokea barua na kutunza mafaili. Alinipigia simu usiku: "Dada, wamenizika." Nami nilianzia huko huko, kwa hiyo namwandikia yeye na wenzake.

Mwezi wangu wa kwanza alikuja dirishani mama mmoja mjane. Barua ya kiwanja cha marehemu mumewe "haionekani", na alikuwa ameshapanda basi mara nne kuifuata. Nikafungua faili, ambamo kila karatasi hupewa namba yake, yaani folio: folio 14, kisha 16. Ile ya 15 tuliikuta siku ya tatu kwenye faili la jirani yake, imetobolewa vizuri na kufungwa kamba. Karani mmoja alikosea namba, na mjane akahangaika miezi. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona kazi hii kuwa ndogo.

Wala haikuwa ndogo zamani. Wajerumani waliendesha utawala wao kwa Kiswahili, na shule ya serikali ya Tanga ndiyo iliyowapatia makarani. Enzi ya Waingereza, mwaka 1922, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha hapo hapo Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Mwaka 1929 ikaja African Association Dar es Salaam, nayo ikiwa na makarani wengi, na katika ukoo huo ndimo ilimozaliwa TANU mwaka 1954. Waliozoea kuandika barua na kutunza mihtasari ya vikao ndio walioweza kuendesha chama.

Ni kweli, kupiga chapa na kubeba mafaili kunakwisha; ofisi zinahamia kwenye mifumo ya kompyuta. Lakini barua iliyoskaniwa ikapewa jina "skani003" imepotea kama ile folio 15. Anayejua kupanga kumbukumbu bado anahitajika, basi lisomee hilo. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Omba ruhusa mapema, usingoje kukumbukwa. Isome Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Na jifunze kuandika dokezo: suala ni nini, faili linasemaje, unapendekeza nini, nusu ukurasa. Mimi dokezo ndilo lililonitoa dirishani.

Jumatatu, mdogo wangu, anza na lile kabati la mwisho ambalo hakuna anayeligusa. Toa faili moja moja, uhesabu folio.