Jibu: Robespierre alikuwa wapi kati ya 1791 na 1792?

Salaam mkuu. Umekwama kwa kuwa katika orodha yako ya wabunge wa Mapinduzi ya Ufaransa, Robespierre, wakili wa mji wa Arras na mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, yumo bungeni 1789, anatoweka Oktoba 1791, halafu anaibuka Septemba 1792. Orodha yako haina kosa, pengo lipo kweli.

Angalia kwanza ni bunge lipi, maana yalikuwa matatu tofauti: Bunge la Katiba (1789 hadi 1791), Bunge la Kutunga Sheria (1791 hadi 1792) na Konvensheni (kuanzia Septemba 1792). Mei 1791 yeye mwenyewe alitoa hoja kwamba wajumbe wa Bunge la Katiba wasichaguliwe katika bunge linalofuata. Hoja ikapita, akajifungia mlango pamoja na wenzake wote. Konvensheni ya 1792 haikuwa na katazo hilo.

Ila usiandike "alistaafu". Katika mwaka huo aliendelea kuhutubia klabu ya Wajakobini, klabu ya kisiasa ya wanamapinduzi, akapinga vita ambavyo Brissot, mbunge wa wakati huo, alivipigia debe, tena wakati msimamo huo haukuwa na wafuasi wengi. Alikuwa pia mwendesha mashtaka wa umma katika mahakama ya jinai ya Paris, kazi aliyoiacha Aprili 1792, mwezi uleule Ufaransa ilipotangaza vita dhidi ya Austria. Mei akaanzisha gazeti lake.

Rekebisha safu ya jimbo: 1789 aliwakilisha tabaka la tatu (watu wasio makasisi wala makabaila) la Artois, mkoa wenye mji wa Arras, 1792 aliwakilisha Paris. Wengi huandika Arras kote.

Tarehe za mwisho wake hazipingani. 9 Thermidor mwaka wa II, kwa kalenda ya mapinduzi, ni 27 Julai 1794, siku Konvensheni ilipoamuru akamatwe. Alikatwa kichwa kesho yake, 10 Thermidor.