Blogu Yangu Ilivyopotea Google, na Njia Niliyopita Kurudi

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu wa Kahama. "Shikamoo dada. Blogu yangu ilikuwa inapata watu elfu moja kwa siku, sasa hawafiki themanini. Sijabadilisha kitu chochote. Nani kanifanyia hivi?"

Nikamwitikia marahaba, halafu nikabaki na simu mkononi sijui nianzie wapi. Swali lake la mwisho niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe Aprili 2024, tena nikiwa nalia. Kwa hiyo naandika hapa, nimjibu yeye na wewe unayekesha kuangalia namba zako.

Nilianza kublogu 2017 hapa Morogoro, nikiwa na kuku wa kienyeji 15 na simu iliyopasuka kioo. Nilikuwa naandika nilichokiona bandani asubuhi. Makala ya kwanza kusomwa na watu nisiowajua ilihusu kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa haraka. Kuku wangu tisa walikufa ndani ya siku nne, na nilipokwenda duka la mifugo nikakutana na tatizo ambalo hakuna aliyekuwa ameniandikia: chanjo inauzwa kwenye kichupa chenye dozi za kuku wengi, wakati mfugaji mdogo ana kuku sita waliobaki. Ukishakifungua hakikai. Basi tukakubaliana majirani sita, tukachanga hela, tukapanga siku moja. Mmoja anashika kuku, mwingine anadondosha tone moja kwenye jicho, watoto wanahesabu. Baada ya miezi mitatu tunarudia. Niliyaandika yote hayo na bei tuliyochanga, nikaweka picha ya mwanangu ameshika jogoo.

Makala ile haikuwa na ufundi wowote wa SEO, yaani mbinu za kuifanya ipande kwenye Google. Lakini watu waliifikia kwa maneno yao wenyewe: "kuku wanaharisha kijani", "kuku anapinda shingo". Mtu anayeandika maneno hayo saa nne usiku ana kuku anayekufa nyuma ya nyumba.

Mwaka 2020 nikaacha njia yangu. Kijana mmoja aliyekuwa akijiita mtaalamu wa SEO aliniambia kuku hawalipi, hela iko kwenye nafasi za kazi na matokeo ya mitihani. Nikampa laki mbili. Akaniletea viungo, yaani linki za kuelekea kwenye blogu yangu, kutoka kwenye tovuti zilizokufa zamani, akanifundisha kuchukua tangazo la kazi lilivyo, kubadilisha sentensi mbili za juu na kulirusha. Nilikuwa natoa posti ishirini kwa siku. Nilikuwa na kurasa za matokeo ya kidato cha nne wiki kadhaa kabla matokeo hayajatoka. Mwanafunzi anafungua akitafuta jina lake, anakutana na aya tatu tupu na matangazo manne.

Hela iliingia, sitaficha. AdSense, huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti kwa matangazo, haikulipi mpaka ufikishe dola 100, na kuna miezi nilikuwa nafikisha kiasi hicho ndani ya siku tano. Nilipaua nyumba ya mama kwa hela ile. Nilialikwa kwenye semina, vijana wakaniita mwalimu. Nami nikaamini kwamba nimeijua Google.

Ukweli ni kwamba onyo lilikuwepo miaka mingi. Februari 2011 Google walitoa badiliko lililoitwa Panda, likaziangusha tovuti zilizokuwa zikizalisha makala nyepesi kama matofali. Aprili 2012 likaja Penguin, likawashika walionunua viungo. Agosti 2022 wakatangaza mfumo wa kupandisha maudhui yanayomsaidia msomaji, ukaanza na Kiingereza, na kufikia Desemba mwaka huohuo ukapelekwa kwenye lugha zote. Sisi kwenye magrupu tulikuwa tunaambiana kwamba hayo ni ya Wazungu, Kiswahili hawakioni. Tulidanganyana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo kwa sauti kubwa.

Tarehe 5 Machi 2024 lilianza badiliko kubwa. Lilichukua siku 45, likaisha Aprili 19. Pamoja nalo zikaja sheria mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kupanda kwenye utafutaji, na dhidi ya kununua domeini, yaani anwani za tovuti, zilizoachwa na wenyewe ili kutumia sifa zake za zamani. Lilipoisha, Google walisema maudhui dhaifu na yasiyo na jipya yamepungua kwa asilimia 45 kwenye matokeo ya utafutaji. Mimi nilikuwa ndani ya hiyo asilimia 45. Sikuonewa.

Kutoka mibofyo zaidi ya 5,000 kwa siku nikafika 310. Mstari kwenye Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu wanavyoifikia tovuti yako kwa kutafuta, ulishuka kama ukuta wa tope uliopigwa na mvua ya masika. Nilimpigia yule kijana, hakupokea, na hadi leo hajapokea. Kwenye grupu mmoja akaandika kwamba dada wa kuku kaisha, na watu ninaowafahamu, niliowafundisha bure, wakaweka alama za kucheka. Nimejaribu kulisahau hilo nimeshindwa.

Usiku mmoja wa mwezi Mei nikafungua orodha ya kurasa zilizobaki na wasomaji. Kati ya kumi za juu, saba zilikuwa za kuku. Ya kwanza kabisa ilikuwa ile ya kideri ya 2017, yenye picha ya mwanangu na jogoo. Nilikitazama kichwa cha makala ile muda mrefu sana. Mtaalamu hakuigusa makala ile kwa sababu alisema haina faida, na ndiyo iliyobaki imesimama.

Sasa ndugu yangu wa Kahama, nikuambie nilichofanya.

Kwanza nilitaka kujua nimeadhibiwa au nimeshushwa. Ndani ya Search Console kuna sehemu inayoonyesha kama mtu wa Google ameikagua tovuti yako na kuichukulia hatua. Kama kuna kitu pale, unarekebisha na kuomba wakague upya. Kama hakuna kitu, basi ni mfumo umekupanga upya, na hapo hakuna ofisi ya kupeleka barua ya rufaa. Usimlipe mtu anayekuambia ana mjomba ndani.

Pili, linganisha tarehe. Subiri badiliko liishe na wiki moja ipite, ndipo uangalie kabla na baada. Ukurasa uliotoka nafasi ya 2 kwenda ya 4 usiuguse, hiyo ni kawaida. Ukurasa uliotoka ya 4 kwenda ya 29 ndio unaokuambia kitu. Na angalia kama ni kurasa zote au ni aina fulani tu. Mimi zilikuwa za aina moja: zile ambazo sikuwa na la kusema.

Nilizifuta. Zilikuwa zaidi ya 3,000, na ilinichukua miezi, nikizisoma moja moja usiku. Nyingine zilinitia aibu mpaka nikafunga laptopu. Google wenyewe wanasema kurudi kunaweza kuchukua miezi mingi na hawamwahidi mtu. Kwangu dalili ya kwanza ilionekana mwishoni mwa 2024. Leo niko kwenye mibofyo 1,400 kwa siku. Haifiki hata theluthi ya ile ya zamani, lakini hakuna hata mmoja ninayemdanganya, na nimeirudisha kwa mikono yangu bila kununua kiungo kimoja.

Andika unachokijua kwa macho yako. Narudia, andika unachokijua kwa macho yako. Kama unaandika mapishi, uwe umeunguza sufuria. Kama unaandika safari, uwe umepanda hilo basi na unajua linasimama wapi kuchimba dawa. Acheni kunakiliana, jamani! Lugha yetu ina kurasa chache za maana kwenye intaneti, na sisi tunaoipenda ndio tunaoijaza takataka, halafu tunalalamika Kiswahili hakina thamani. Mama anayetafuta dawa ya kuku wake anastahili jibu la mtu aliyewahi kuzika kuku.

Na msitegemee mlango mmoja. Tangu Mei 2024 Google walianza Marekani kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo, kisha wakayapeleka nchi nyingine nyingi. Mtu anasoma jibu palepale na kuondoka bila kukufikia. Kwamba chanjo ni tone moja kwenye jicho, mashine itamwambia. Jinsi majirani sita wa mtaa wetu walivyogawana kichupa kimoja, nani alidhulumu nani, na tulifanyaje mmoja alipokosa hela siku ya chanjo, hilo atakuja kulisoma kwangu. Sasa nina orodha ya wafugaji wanaopokea ujumbe wangu kila Jumapili kwa WhatsApp. Namba zao nimeziandika hata kwenye daftari.

Mdogo wangu, umesema hujabadilisha kitu. Nakuamini, na mimi pia sikuwa nimebadilisha. Wenzetu wanabadilisha mizani huku sisi tumelala, na mzigo uliokuwa unapita jana leo haupiti. Nenda kwenye Search Console, chagua miezi 16, piga picha ya mstari mzima pamoja na kurasa zako kumi za juu, unitumie. Niambie pia ni zipi kati ya hizo uliandika kwa sababu ulikuwa na jambo la kusema. Nitapitia Jumamosi jioni, asubuhi tuna zamu ya chanjo. Usifute chochote kabla sijaona.